Kwenu Mnaokwenda Ujerumani Kulea Watoto wa Watu

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mnaosoma Kijerumani cha A1, kiwango cha kwanza cha lugha, huko Nairobi, Mombasa na Dar huku mkingoja miadi ya ubalozini, na nyinyi mliokwisha kushuka Frankfurt na masanduku yenu. Njia hiyo mimi niliipita mwaka 1997. Nilitoka Mombasa nikaenda Bremen kulea watoto wawili wa kiume, na Bremen ndiko niliko hadi leo. Siku hizi nauguza wazee. Kila mwaka jikoni kwangu huja wasichana, na sasa wavulana pia, wakala wali huku wakilia. Yale ninayowaambia pale nimeona afadhali niyaandike mara moja, maana sauti imechoka.

Jina lenyewe la shughuli hii, kwa Mswahili, limekaa kama swali. Au pair. Au nini? Hutamkwa "opea", basi nami nitaandika hivyo. Ni maneno ya Kifaransa, maana yake sawa kwa sawa: huingii kama mtumishi, waingia kama mtu wa nyumbani. Mnakula meza moja, unasaidia watoto na kazi ndogondogo, nao wanakupa chumba, chakula na posho. Lakini mtoto wao si wewe. Na yaya wao si wewe. Hapo katikati ndipo wengi wetu tunapopotea, kwa kuwa tumelelewa kujua mambo mawili tu: mbele ya mzazi unanyamaza, mbele ya tajiri unanyamaza.

Kunyamaza ndiko kulikoniponza.

Wiki yangu ya pili, mama wa nyumba alikuwa mbioni asubuhi, funguo mkononi, akaniambia mtoto mdogo akachukuliwe chekechea "halb drei". Halb ni nusu, drei ni tatu. Nikaitikia "ja, ja" na kichwa nikatikisa. Sikuwa nimeelewa, ila niliona haya kumsimamisha mtu mzima mlangoni. Nikapiga hesabu zangu: tatu na nusu, yaani saa tisa na nusu alasiri. Kumbe Mjerumani akisema nusu tatu, ana maana tatu haijafika, imebaki nusu saa: saa nane na nusu. Nilipofika, viti vyote vimepinduliwa juu ya meza, mwalimu keshavaa koti, na mtoto amekaa kwenye benchi la viatu, begi mgongoni, buti amezivaa kinyume, ya kulia mguu wa kushoto. Alijivalisha mwenyewe akidhani naja sasa hivi. Saa nzima. Hakulia. Alinitazama tu, na macho yale ninayo mpaka leo, ingawa mwenyewe sasa ni mwanamume mwenye ndevu.

Mama yake hakunifokea. Aliniuliza, "Kwa nini hukuuliza?" Sikuwa na jibu la Kijerumani. Hata la Kiswahili sikuwa nalo.

Ulizeni, wanangu. Rudieni neno mliloambiwa, liandikeni, onyesheni saa ya simu kwa kidole. Huku anayeuliza hadharauliwi. Anayeitikia bila kuelewa ndiye anayeogopwa kuachiwa mtoto. Ndiyo yako wanaichukua kama ilivyo, na hapana vilevile, hata mezani. Siku ya kwanza niliulizwa kama nitaongeza viazi, nikajibu "danke", asante, nikingoja kupakuliwa kama kwetu. Bakuli likaondolewa. Kumbe danke ya mtu anayekaribishwa chakula huku ni kukataa. Nililala njaa, nikawasema kwa Mungu usiku kucha kwamba ni wachoyo.

Sasa someni mkataba wenu, msiutie sahihi tu kwa kuwa ubalozi unautaka. Msaada wako hauzidi saa 6 kwa siku wala 30 kwa wiki, na kukaa na watoto usiku wazazi wakitoka kumo humo humo. Siku moja na nusu ya wiki ni yako, na angalau Jumapili moja ya mwezi. Ukikaa mwaka mzima una likizo ya wiki 4. Posho ni euro 280 kwa mwezi, na juu yake euro 70 za kuchangia kozi ya lugha. Bima analipa mwenyeji. Chumba ni chako peke yako, kina dirisha na hita. Hizo si hisani za mtu.

Mimi niliutia sahihi bila kuusoma. Mwezi wa nne nikajikuta kila Jumamosi nasugua madirisha ya bibi yao mtaa wa pili, bibi ambaye hakumo kwenye karatasi yoyote. Lilianza kama ombi la siku moja la kumsaidia mzee, na kwetu nani humkatalia mzee? Nikasugua huku nimenuna. Nilinuna wiki saba. Mwajua kununa kwetu: salamu unaitoa kwa mkato, kabati unalifunga kwa kishindo kidogo, mwenye akili aelewe. Hawakuelewa. Walidhani naumwa, wakaninunulia chai ya tangawizi.

Mwenzangu Mturuki tuliyesoma naye kozi ndiye aliyeniambia niandike saa zangu kwenye daftari. Nikaandika wiki tatu. Usiku mmoja, watoto wamelala, nikaliweka mezani mkono ukitetemeka, nikasema kwa Kijerumani changu cha kuchechemea: kwenye mkataba ni 30, hapa ni 41. Yule mama alikasirika. Sitawadanganya kwamba alinikumbatia. Siku mbili alinisemesha kwa shida. Ya tatu nikakuta karatasi kwenye mlango wa friji, imepigwa mistari kwa rula, siku na saa, na Jumamosi pameachwa peupe. Ilikaa pale mpaka nilipoondoka, na ugomvi mwingine hatukuwa nao.

Kuhusu watoto wenyewe sina mengi. Wengi wenu mmelea wadogo zenu. Ila kofi hakuna. Tangu mwaka 2000 sheria ya huku inampa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa, na hata mzazi imemfunga. Ule utani wetu wa "nitakuchapa" uacheni uwanja wa ndege. Na picha za watoto wa watu msiziweke kwenye status, hata wawe wazuri vipi.

Kinywa kingine kinatakiwa kufunguliwa kabla ya kupanda ndege, nacho ni mbele ya mama yako mzazi. Euro 280 ukizigeuza ni shilingi za Kenya 40,000 na ushee, na masikioni mwa jirani huo ni mshahara. Si mshahara. Ni nauli, sabuni, simu na koti. Mwambie mama akiwa ameketi, kwa maneno ya wazi, kwamba mwaka huu huendi kuchuma, na kikundi cha WhatsApp cha ukoo akakiambie yeye. Alikuja kwangu binti mmoja aliyekuwa akituma euro 200 kila mwezi za ada ya kaka yake. Nauli ikamshinda, akawa anatembea hadi kwenye kozi, na mwezi wa tano kozi akaiacha. Mwaka ulipokwisha kaka yake yuko shuleni, na yeye Kijerumani chake ni kile kile alichokuja nacho. Maombi yote ya kubaki aliyoyaandika yalirudi. Nilimsindikiza uwanja wa ndege mwenyewe.

Maana kibali cha opea ni mwaka mmoja, na hupewi mara ya pili. Hata kukiomba, sharti uwe hujatimiza miaka 27. Baada yake kuna mwaka wa kujitolea kwenye hospitali au nyumba za wazee, au mafunzo ya kazi wanayoyaita Ausbildung, ambayo ya uuguzi ni miaka 3 na unalipwa huku ukisoma. Chuo kikuu kipo pia, lakini ukitaka kibali cha mwanafunzi unadaiwa uonyeshe umeweka euro 11,904 za mwaka kwenye akaunti iliyozuiliwa, ambayo unatoa kidogo tu kila mwezi. Mwenye nazo haji kufua soksi za watoto. Njia zote hizo zinapitia kwenye lugha, B1, yaani kiwango cha tatu, na kuendelea, na ofisi za wageni huku ni za polepole, basi mwezi wa tano au wa sita mwe mmeshaanza kuandika maombi.

Mawakala nitawagusa kidogo tu, nisije nikapandwa na presha. Wakala wa Ujerumani kisheria haruhusiwi kumtoza opea zaidi ya euro 150. Anayewatajia malaki hapo nyumbani, mwulizeni anauza nini hasa, maana familia hutafutwa hata kwa simu na mkataba unaandikiana na mwenyeji mwenyewe.

Na nyumba mbaya zipo. Kufichiwa pasipoti, kukatazwa kozi, kulazwa chumba kimoja na mtoto, baba wa nyumba kukugusa. Hapo daftari halina kazi tena, unatoka. Polisi ni 110. Kwenye stesheni kubwa za treni kuna ofisi inayoitwa Bahnhofsmission, ya makanisa, inayomsaidia mtu yeyote bila malipo na bila kumwuliza dini. Anzieni hapo hata kama hamjui mtu mjini. Kuhamia familia nyingine inaruhusiwa, na ofisi ya wageni lazima ijulishwe. Mnachokosea ni kutoroka usiku mkajifiche kwa binamu wa rafiki huko Berlin. Mwezi mmoja, miwili, kibali kimekufa, na umekuwa mtu wa kuruka kengele ya mlango ikilia.

Mtakaofika Oktoba, msinunue buti dukani. Jumapili kuna masoko ya mitumba, Flohmarkt, ndiyo Kongowea yao hiyo, na bei inashuka ukifungua kinywa. Chukueni namba moja zaidi ya mguu, soksi mbili ziingie.

Ni mimi shangazi yenu,
Bremen