Ndege mdogo wa Oktoba si chiriku

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika kwamba ndege wadogo wa kijanikijani wanaojaa kwenye miti ya mijini kuanzia Oktoba ni chiriku waliokimbia ukame. Chiriku ana mdomo mnene wa kuvunjia mbegu, ilhali ndege anayeelezwa ana mdomo mwembamba kama sindano, na kutwa nzima hurukaruka kwenye ncha za matawi akidonoa viwavi na vidukari chini ya majani. Sina shaka kubwa kwamba huyo ni ndege mhamiaji ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Phylloscopus trochilus (kwa Kiingereza willow warbler), ambaye huzaliana katika misitu ya Ulaya na Siberia, kisha huja kukaa kwetu hadi Aprili hivi. Kinachomleta ni baridi ya kaskazini inayomaliza wadudu. Ukame wetu haumhusu.

Rangi, ambayo wengi huanza nayo, ni ushahidi dhaifu, kwa sababu baadhi ya ndege hawa wana manjano kifuani lakini wale wa mashariki ya Siberia ni wa kijivujivu, hata mtu akadhani ni aina nyingine. Afadhali kutazama mstari mweupe au wa manjano ulio juu ya jicho, na bawa lisilo na michirizi. Ndege mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, anayetembea kwa makundi, ni mwingine kabisa. Huko Usambara yupo pia nduguye, Phylloscopus ruficapilla, mwenye koo la manjano na utosi wa kahawia nyekundu, naye ni mwenyeji wa mwaka mzima.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia madume wachache wa Phylloscopus trochilus kutoka Chukotka, mashariki kabisa ya Urusi, ukakuta kwamba husafiri takribani kilomita 13,000 kufika Afrika, ingawa kila mmoja ana uzito wa gramu 10 tu. Wakiwa huku hubadilisha manyoya yote, kisha huyabadilisha tena baada ya kuzaliana, jambo ambalo ndege wachache sana hulifanya.

Kwa anayetaka uhakika zaidi, sauti ndiyo hakimu. Mwaka 1768, Gilbert White, mchunguzi wa viumbe wa Uingereza, aliwatenganisha ndege watatu wanaofanana mno wa jamii hii kwa nyimbo zao. Huyu wetu kwa kawaida hutoa mlio mfupi tu, unaopanda mwishoni, lakini kuanzia Februari, safari ya kurudi ikikaribia, madume huanza kuimba wimbo laini unaoteremka hatua kwa hatua hadi kufifia. Chiriku haimbi hivyo.

Msomaji wako,
Morogoro