Barua kwa mwanangu: njoo uniage

Mwanangu,

Habari za safari yako nimezipata kwa shangazi yako, nje ya kanisa baada ya misa ya kwanza, wenzangu wa jumuiya wakisikia. "Si mwanao anakwenda Kanada tarehe 14?" Nikajibu ndiyo, najua. Nimesema uongo mlangoni mwa kanisa kwa ajili yako.

Unakuja lini kuniaga?

Kwenye jumuiya tunasoma habari za Monika, mama yake Augustino, watu wa Tagaste, ambako siku hizi ni Algeria. Mwaka 383 kijana alitaka kwenda Roma. Mama akamng'ang'ania pwani kule Karthago: urudi nami, au twende wote. Kijana akasema anamsindikiza tu rafiki anayengoja upepo, mama akapumzike kwenye kikanisa cha Mtakatifu Sipriani, karibu na meli. Mama akakesha akisali na kulia. Kulipokucha, meli imekwenda. Na hayo kayaandika Augustino mwenyewe katika Maungamo, akiwa askofu tayari: nilimdanganya mama, tena mama kama yule.

Wenzangu wote wakamlaumu kijana. Katekista akauliza, kwa nini alishindwa kumwambia ukweli? Mimi nikajifanya natafuta miwani. Siku ile ya stendi, ulipokuwa unakwenda chuo Dodoma, konda alipolishusha begi lako kwa ajili ya vilio vyangu, sijaisahau. Safari hii nikilia nitalilia jikoni. Wewe njoo tu.

Barua ya kazi shangazi kanionyesha kwenye simu. Mhandisi! Nimemwonyesha hata muuza maziwa. Lakini misa huendi, hilo nalo nimeambiwa. Ukifika huko ulizia kanisa wiki ya kwanza, usingoje mpaka upweke ukubane. Na pesa ya pango usimkopeshe mtu, hata awe wa kwetu.

Monika hakubaki pale pwani akilia, alipanda meli akamfuata mwanawe hadi Milano, na bahari ilipochafuka yeye ndiye aliyewatuliza mabaharia. Mimi nauli ya Kanada sina, kwa hiyo ni wewe wa kuja. Kutoka Dar ni basi la siku moja.

Ng'ombe amezaa, jike. Bati la jikoni linavuja palepale, fundi uliyemleta wewe alikula hela ya bure. Mdogo wako anadaiwa karo, ila hilo usilibebe sasa.

Jana nimesoma 2 Timotheo 4. Paulo yuko kifungoni, anajua mwisho wake umekaribia, bado anakumbuka joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, na anamhimiza Timotheo: "Jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi." Nikaenda kulitoa sandukuni sweta la marehemu baba yako. Nimelifua, kiwiko nimekishona kwa uzi wa kijani, wa bluu dukani haukuwepo. Shangazi anasema nilitume kwa basi. Silitumi.

Mama yako