Barua ya Wazi kwa Waziri wa Nishati: Tunaomba Kalenda ya Maji ya Mto Rufiji

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mzaliwa wa Rufiji, niliyelelewa na bibi katika dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga, ambako familia huhamia msimu mzima ili kulinda nafaka dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Ombi langu ni moja: wakulima wa bonde la chini wajulishwe kila mwaka, mapema, maji ya Bwawa la Julius Nyerere yatafunguliwa lini na kwa kiasi gani, na katika mpango huo mafuriko madogo ya msimu yatengewe maji yake.

Aliye mbali akisikia mafuriko huwaza maafa. Kwetu mafuriko yana hesabu. Mpunga hupandwa mvua za mwanzo zinaposhuka, ukapata kimo kabla mto haujafurika. Maji yakipanda taratibu hurefuka nayo, yakija kwa kishindo huuzamisha. Yanapopungua huacha tope jipya, na katika unyevu huo hupandwa mahindi na kunde bila kungoja mvua nyingine. Hicho ndicho kilimo cha mlau, kilichotuvusha katika miaka ambayo mpunga uliharibika. Maji hayo hayo hujaza maziwa ya kando ya mto, ambako perege na kambare huzaliana, kisha yakifika katika delta huizuia chumvi ya bahari isipande mashambani, yakailisha mikoko na kamba. Bibi alikuwa akichomeka kijiti ukingoni jioni na kwenda kukitazama alfajiri, ndipo anaamua kama siku hiyo tunavuna au tunapakia vyombo mtumbwini.

Mto huu umebeba mengi. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji kuwa dawa ya kuwakabili Wajerumani, na Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg ikaishia ndani ya delta yetu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Kilwa, Lindi au Mtwara aliungoja mto pale kivuko cha Ndundu. Lakini kumbukumbu ninayoomba uizingatie zaidi ni ya mwaka 1968, ambapo baada ya mafuriko makubwa serikali iliwahamishia watu katika vijiji vya sehemu za juu. Walizipokea shule na zahanati, ila wengi waliendelea kushuka bondeni kulima, kwa sababu rutuba haikuhama nao.

Sikuandikii kupinga bwawa. Megawati 2,115 ni neema kwa nchi nzima, nasi tunazihitaji. Hata hivyo, bwawa limehamisha hesabu ya maji kutoka kwenye kijiti cha ukingoni hadi mikononi mwa watu walio mbali nasi, na mkulima hawezi tena kuusoma mto kwa macho yake peke yake. Aprili 2024 nyumba na mashamba ya watu wengi wa Rufiji na Kibiti yalifunikwa na maji. Mvua zilikuwa kubwa mno, na ninafahamu kwamba hakuna bwawa linaloweza kuzuia kila mvua. Ndiyo maana taarifa ina thamani kubwa zaidi kwa aliyelala bondeni na watoto.

Naomba basi kalenda hiyo iandikwe kwa Kiswahili chepesi, ibandikwe katika kila ofisi ya kijiji kuanzia chini ya bwawa hadi delta ifikapo Novemba, kabla mbegu haijaingia ardhini, na mabadiliko yoyote ya ghafla yatangazwe kwa simu na kwa vipaza sauti vya misikiti. Wataalamu wanapoiandaa, wakae na wazee wa mlau, wanaume kwa wanawake, wanaojua ni maji ya kimo gani yanayolisha shamba na ni yapi yanayolifuta. Tupo tayari kuja Utete, au popote utakapotuita, siku utakayoipanga.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa bonde la Rufiji