Mwanangu, gari isilale gereji

Pasua, Moshi
Jumapili jioni

Mama, marahaba. Nimeona nikuandikie manake kwenye simu nikianza tu habari ya gari unasema mtandao unasumbua, na sidhani kama hapo Sakina, Arusha, mtandao unasumbua saa zile zile ninazopiga mimi.

Picha nimeziona. Nimezikuza kwa vidole mpaka simu ikapata moto. Mlango wa nyuma umekwanguka, fenda imebonyea kama kiganja hivi, kona ya bampa imechubuka. Hiyo bodaboda unayosema imekukwangua nitarudi kwake baadaye. Uharibifu wenyewe haunitishi, nimeona gari zinaletwa zimekunjamana kama karatasi ya kufungia maandazi na zinatoka zinang'aa. Kilichoninyima usingizi ni ile sentensi yako ya mwisho, kwamba umepata fundi Unga Limited, mmeelewana laki moja na nusu, unamwachia gari unaenda Dodoma kuripoti kazini halafu unarudi kuichukua baada ya wiki mbili. Mama, usiiache. Gari isilale gereji na wewe uko Dodoma, hata kama huyo fundi anaanza siku kwa maombi.

Si kwamba nakuona mtoto. Kwenye ukoo huu hakuna aliyewahi kuwa na gari yenye jina lake kwenye kadi, baba yako aliishia baiskeli, na pale kanisani nikishuka kwenye Toyota IST yako huwa nachelewa kufunga mlango makusudi. Ila una haraka, toka unatambaa una haraka, na mafundi wakimuona mwanamke ana gari na ana haraka wanaanza kugawana hela kabla hujazima injini.

Hayo sikuambiwa na mtu. Miaka 11 nimewapikia mafundi pale gereji, wewe ulikuwa unaangalia daftari lako la shule pale kwenye benchi, mimi naangalia mikono yao. Bati likibonyea fundi wa kweli analivuta kwanza, anagonga kwa ndani polepole huku mkono mwingine umelala kwa nje unasikilizia, mpaka bati linakaribia kurudi mahali pake, ndo anapaka puti nyembamba ya kusawazisha. Mvivu hagongi. Anachukua puti na ile dawa yake ya kukazia, anachanganya kwenye kipande cha bati harakaharaka kabla haijamgandia, anageuza kama anasonga ugali, anajaza shimo lote. Nimeona puti nene kuliko chapati zangu na chapati zangu unazijua. Ikikauka anapiga msasa namba 80, anashuka na msasa laini, praima ya kushikia rangi, rangi yenyewe, kliya ya kung'arisha juu, mteja anajiona kwenye mlango kama kioo, anafurahi, anatoa na hela ya soda. Miezi mitatu ya vumbi na matuta mlango unapasuka kama kisigino.

Nitakutumia na Hiace ya asubuhi ile sumaku ya spika ya redio ya marehemu baba yako. Ifunge kwenye kitambaa isije ikakwaruza, uipitishe mlango mzima na fenda kabla fundi hajagusa, na siku ya kuchukua uipitishe tena. Penye puti ya kiasi itashika kwa uvivu, penye chapati itaanguka. Kwenye bampa usihangaike nayo, ile ni plastiki. Hapo we hakikisha kwa macho yako ameanza na praima ya plastiki, bila hiyo rangi inabanduka kama ganda la kitunguu siku wakiosha gari kwa pampu.

Na rangi yenyewe. Nilikwambia uchukue nyeupe ya kawaida ukasema ya lulu ndo inapendeza, haya. Kuna kibati kidogo cha kiwandani, fungua boneti uangalie, kama hakipo angalia nguzo ya mlango, tafuta palipoandikwa COLOR au C/TR. Ikiwa 040 hiyo ni nyeupe ya kawaida, ikiwa 070 ndo lulu, na lulu inapigwa mara tatu, nyeupe ya chini, juu yake lulu, juu yake kliya. Sasa kunyoosha, kupiga msasa na lulu mara tatu kwa laki moja na nusu, hiyo hela inatosha nini? Huyo anakupiga nyeupe ya kawaida, anakwambia ikikauka itafanana. Kivulini itafanana kweli. Juani utakuwa umevaa kiraka. Hata namba ikiwa sahihi gari yako imeshachomwa na jua miaka, kwa hiyo ajaribishe kwanza kwenye kipande cha bati, mkiweke karibu na mlango, mtoke wote juani muangalie. Ukiwa Dodoma nani atatoka juani?

Kulikuwa na mwalimu mmoja, humkumbuki, alileta Corolla yake mlango umebonyea. Kabla hajatoa funguo akaagiza chai kwangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, mama, hawa vijana wakoje? Nikamwambia wazuri tu. Akaacha gari akaenda Tanga msibani wiki mbili. Mama, ile gari hizo wiki mbili ilifanya kazi kumzidi mwalimu mwenyewe. Ilibeba mitungi ya gesi, usiku ikaenda Himo kwenye nyama choma, betri mpya ikahamia kwenye gari ya mtu mwingine, na ile lita ya rangi aliyoinunua kwa hela yake nusu ikapigwa kwenye Noah, yake ikaongezewa thina. Aliporudi akakaa tena kwenye benchi langu. Hakugomba. Akasema tu, mama, si ulikuwa hapa kila siku? Nikamwambia mimi naangalia sufuria zangu. We unajua lile daftari la madeni lilivyokuwa, fundi mkuu peke yake alikuwa na chakula cha wiki tatu hajalipa, na ilikuwa Januari, ada zenu zote mbili. Ile chai sikumdai.

Kwa hiyo ukifika Unga Limited usimuulize mama ntilie. Uliza madereva wa gari za watalii, Arusha imejaa, gari zao zinakwanguliwa na miiba kila safari na mabosi wao hawataki kuona alama, wanajua fundi gani ni wa kweli. Na usikubali kuonyeshwa gari iliyotoka jana, omba iliyopakwa mwaka jana, uangalie kwenye raba za vioo na vitasa kama kuna rangi imerukia, maana yake alikuwa mvivu wa kufungua vitu. Fundi akikwambia njoo wiki ijayo nina kazi za watu, msubiri. Anayekwambia acha funguo hapo tu, we rudi nazo nyumbani.

Tena mvua hizi zenyewe si za kupiga rangi, hewa ikiwa na unyevu rangi inaweza kuingia ukungu mweupe. Nenda nayo Dodoma hivyo hivyo. Hao wa ofisini watakucheka siku mbili watazoea. Pale bati lilipotokeza osha, kausha vizuri, paka hata ile rangi yako ya kucha isiyo na rangi, nyingi nyingi, itazuia kutu kwa muda. Bampa haina kutu, iache. Mvua zikiisha omba siku za likizo uilete huku Moshi, tutafute fundi pamoja, hela ya rangi utoe mwenyewe, ya ufundi nusu mwanzo, nusu ukishaiona juani. Na wewe ukichoka kukaa pale nitakaa mimi. Nitabeba kigoda na mchicha wangu wa kuchambua. Sufuria sina tena, nitaangalia gari.

Bima najua ni ndogo, ile isiyotengeneza gari yako, usianze kunieleza, nilikwambia ukaniambia kubwa ni ghali.

Mdogo wako anasema umemuahidi viatu, sijui kama ni kweli au ananitega. Bati la jikoni linavuja pale pale, nimeweka beseni. Kikundi tunagawana mwezi ujao, kwa hiyo wiki hii usitume hela, weka mafuta. Yule kuku mweusi ameatamia mayai tisa.

Sasa hiyo bodaboda. Mama, pikipiki inakwangua kwa usukani huku juu au kwa pedali huku chini, haichori mstari mnene kutoka mlangoni mpaka kona ya bampa, na hakuna bodaboda inayoacha rangi ya kijani kibichi kwenye lulu. Jumatatu asubuhi nimefagia nje nikakuta nguzo ya geti langu ina rangi nyeupe kimo cha kiuno. Sikusema. Na mimi ndo niliyesema mkungu wa pili wa ndizi utaingia tu, nikausimamisha pale nyuma na ndoo ya maziwa juu yake, sijui hata ulikuwa unaona nini kwenye kioo. Nikabaki napunga mkono badala ya kukuelekeza.

Geti nimeshalipaka. Ndoo nirudishie, mpe huyo huyo konda wa Hiace atakayekuletea sumaku.

Mama yako