Barua ya wazi kwa mkuu wa probesheni: msiwaambie tu waache pombe

Kwa Mkuu wa Idara ya Probesheni na Huduma za Baada ya Kifungo,
Nairobi.

Salaam, Mheshimiwa.

Mimi ni mjumbe wa Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulinda usalama wa mtaa, hapa Dandora. Maafisa wako wananijua, kwa kuwa kabla hakimu hajaamua kama mtu atatumikia adhabu yake nje ya jela, chini ya uangalizi wa probesheni, mmoja wao hufika mtaani kuandaa ripoti. Huniuliza mtu huyo anaishi na nani, anafanya kazi gani, na kama amewahi kusumbua majirani. Mwisho kabisa, daftari likiwa linafungwa: "Na pombe, anakunywa?" Mtaa mzima una jibu moja: "Kidogo tu." Mamake atasema hivyo, mwenye nyumba atasema hivyo, na hata mama pima, muuza pombe ya mtaani, anayemdai atasema hivyo hivyo. Nani atatamka neno linaloweza kumpeleka mtoto wa jirani jela ya Industrial Area?

Basi ripoti inaenda kortini bila habari iliyohitajika zaidi. Vijana wengi ninaowaona wakirudi na amri ya probesheni walikosa wakiwa wamelewa, au wakitafuta hela ya kulewa. Ni ngumi nje ya baa, simu iliyonyakuliwa stendi, mke aliyepigwa usiku wa siku ya malipo. Sheria ya probesheni, Sura ya 64, inaruhusu uangalizi wa kati ya miezi 6 na miaka 3, na hakimu anaweza kuongeza masharti anayoona yatamzuia mtu asirudie kosa. Kuhusu pombe, agizo tunalolisikia huku chini ni fupi: usinywe. Kijana anaitikia, anapiga saini, anapanda matatu kurudi kwa watu wale wale. Tangu siku hiyo anajifunza jambo moja tu, nalo ni kufika ofisini bila kunuka.

Ninachoomba ni kwamba siku ya kwanza kabisa afisa akae na mtu huyu, amuulize anakunywa kiasi gani, na jibu la kweli lisimpeleke jela.

Kifaa cha kuulizia kipo. Shirika la Afya Duniani lina maswali 10 yajulikanayo kama AUDIT, yenye alama kuanzia 0 hadi 40. Anayefikisha 8 ameanza kunywa kwa namna inayoweza kumdhuru. Anayefikisha 20 huenda tayari ni mtegemezi wa pombe na anahitaji kuonwa na daktari. Kuyauliza ni kazi ya dakika chache, lakini msiyasome kama yalivyo kwenye karatasi. Ukimuuliza fundi wa mjengo amekunywa "vinywaji vingapi", atakuambia kachupa kamoja. Kachupa hako ka mililita 250, kakiwa na nguvu ya asilimia 40, kana kileo karibu sawa na chupa tano za bia za nusu lita. Na chang'aa, pombe kali ya kienyeji, je? Tangu 2010 sheria inakubali itengenezwe kwa leseni, ila ile ya kando ya mto haina leseni wala kipimo, na mnywaji hajui kilichomo. Wakazi wa Mukuru hawajasahau mwaka 2000, watu zaidi ya 100 walipokufa kwa pombe yenye methanoli. Kwa hiyo ulizeni kwa njia ambayo mtu wa huku hawezi kuikwepa. Jana ulitumia shilingi ngapi? Mlikuwa wangapi kwenye glasi hiyo? Asubuhi lazima utoe loki, yaani unywe tena kidogo, ndipo mikono itulie? Hilo la mwisho, Mheshimiwa, likijibiwa kwa ukweli, linasema mengi kuliko ripoti nzima ya mjumbe kama mimi.

Linasema pia kama ni salama kumwambia mtu aache leo. Mtu ambaye mwili wake umezoea pombe kila siku akikatiwa ghafla anaweza kutetemeka, kutoka jasho na kupatwa na kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo. Wengine baada ya hapo huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo, na hali hiyo inaweza kuua. Afisa anayemwamuru mtu kama huyo "usiguse tena kuanzia leo" anaweza kumtia hatarini huku akidhani anamwokoa. Aliye na alama za juu apelekwe hospitalini kwanza, na afisa apige simu yeye mwenyewe. Asimpe karatasi tu na kumwacha aende kutafuta hospitali ya Mathari peke yake bila nauli.

Wengi hawajafika huko. Hao wanahitaji mazungumzo. Uingereza walijaribu jambo hili miongoni mwa watu walio kwenye probesheni, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Wengine walipewa kijikaratasi cha maelezo pekee, wengine wakaketishwa na kushauriwa kwa muda mfupi. Nitasema ukweli wote: kwa kiasi cha pombe, tofauti kubwa haikuonekana. Lakini katika mwaka uliofuata, walioshauriwa walirudia makosa kwa uchache kuliko wale wa kijikaratasi. Nadhani ofisi yako hupimwa kwa hilo hilo.

Kama ya Uingereza ni ya mbali, kuna ya Eldoret. Huko zaidi ya watu 600 waliokuwa wakitibiwa HIV na wenye tatizo la pombe walishiriki utafiti uliochapishwa 2021. Baadhi yao waliwekwa katika vikundi vidogo, vikao 6, kimoja kila wiki, wakifundishwa namna ya kutambua kinachowavuta na kukataa wanapokaribishwa. Hao walipunguza pombe kuliko wenzao waliofundishwa mambo ya afya kwa jumla. Na walioongoza vikao hawakuwa madaktari wala wataalamu wa saikolojia. Walikuwa washauri wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo.

Idara yako ina maafisa wa kujitolea katika jamii. Wafunzeni hao. Waongezeni watu wa mtaani walioacha pombe, ambao hawadanganyiki kwa "kidogo tu". Na vikao visiwe Jumanne saa nne asubuhi! Kibarua akikosa siku ya mjengo amekosa unga wa nyumba nzima, na anayekosa unga kwa ajili ya probesheni ataichukia probesheni. Jioni ndiyo saa yenyewe, hasa Jumamosi, mfuko ukiwa umejaa na mlango wa baa ukiwa wazi.

Kuna jambo jingine ambalo sijasikia likizungumzwa. Kwenye benchi la kusubiri afisa, kijana aliyepigana akiwa amelewa anakaa karibu na mama aliyekamatwa akipika chang'aa. Muuzaji na mteja wanapiga saini kitabu kimoja! Wakati mwingine wanajuana, na wanaondoka pamoja. Akina mama hawa nao waulizwe. Anayepika huonja, na anayeonja kila siku ni mnywaji, hata kama hajawahi kuonekana akiyumba njiani. Na yeye hawezi kuacha bila njia nyingine ya kulipa karo. Hilo ushauri peke yake hauliponyi, wala sitajifanya kwamba barua hii inalimaliza.

Na mtu akiteleza? Atateleza. Sheria inamruhusu afisa kumrudisha kortini akahukumiwe upya kwa kosa lile la awali. Ikiwa mwezi wa pili kijana mwenyewe amekuja akasema "Jumapili nililewa", na hajampiga mtu wala hajaiba, naomba aulizwe ilikuwaje, alikuwa na nani, na Jumapili ijayo atakuwa wapi. Nambari ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, iandikwe kwenye kadi yake ya kuripoti. Korti ibaki kwa aliyedhuru mtu, au anayekataa kabisa kuja.

Ukiamua kujaribu, anzeni na kituo kimoja. Huku kwetu ukumbi wa mtaa hautumiki Jumamosi kuanzia saa kumi, kwaya ikishatoka. Viti vipo, ila meza mbili zimevunjika miguu. Ufunguo ninao, na afisa wako anajua nyumbani kwangu.

Wako,
Mjumbe wa Nyumba Kumi, Dandora