Barua kwa mwanangu anayesomea retina

Mwanangu,

Ile sura ya tasnifu uliyonitumia nimeimaliza, nimeisoma taratibu na kalamu mkononi, nilipokwama nikarudia mpaka ikaingia. Sasa nataka nikujibu lile neno ulilosema kwenye simu, eti miaka yote hii unahangaika na aina moja tu ya seli na huoni inamsaidia nani. Mi sikubaliani na wewe hata kidogo.

Siku zote nilijua jicho linapiga picha tu, ubongo ndo unafanya kazi. Kumbe hiyo retina, utando wa ndani ya jicho kwa nyuma usiofika hata nusu milimita, inachambua mambo kabla ubongo haujapata habari. Seli za kupokea mwanga ni zaidi ya milioni 90 kwa jicho moja, halafu nyuzi zinazotoka kwenda ubongoni ni kama milioni 1 tu, yaani ni kama uwanja mzima wa watu watokee mlango mmoja, kwahiyo lazima humo ndani iamuliwe kipi kipite na kipi kibaki, na hizo seli zako za ganglioni ndo zinazobeba kinachopita, hakuna njia nyingine.

Pale kwa Hartline, yule mtafiti wa macho, ndo nimekaa sana. Mwaka 1938 mtu anatenga uzi mmoja mmoja wa neva ya jicho la chura na kusikiliza umeme wake, anakuta nyuzi nyingine zinapiga, yaani zinatuma umeme, mwanga ukiwepo, nyingine zinapiga ukiwaka na ukizimika, halafu kuna zile zilizokaa kimya muda wote wa mwanga, ukizima tu zinalipuka. Manake giza nalo ni habari na lina seli zake! Halafu mtafiti mwingine, Kuffler, 1953 na paka wake, doa dogo la mwanga likianguka katikati ya eneo ambalo seli moja inalisikiliza inachangamka, ukimulika pembeni yake inanyamaza, ukimulika pote inajibu kidogo tu. Nimeinua macho nikatazama ukuta mtupu wa sebuleni nikawaza, hapo katikati retina yangu karibu haina la kusema, maneno yote yako kwenye ukingo wa mlango.

Na lile doa lisiloona nimelijaribu, nimenyoosha mikono, nikafumba jicho la kushoto, la kulia likatazama dole gumba la kushoto bila kuhama, nikasogeza dole gumba la mkono wa kulia kuelekea kulia polepole, kabla halijafika shibiri moja ncha yake ikapotea kabisa. Pale pale neva inapotokea jichoni, hakuna seli ya kupokea mwanga. Nimerudia na kurudia, siamini.

Sasa sikiliza. Kuna watu vipokea mwanga vyao vimekufa ila seli za ganglioni nyingi bado ziko hai, na kuna wataalamu wanawawekea elektrodi, vipande vidogo vya kupitisha umeme, juu ya retina ili waone walau kitu. Umeandika mwenyewe kwamba umeme ule unaziamsha seli ovyo, ya kusema mwanga umewaka na ya kusema umezimika zinapiga pamoja, ubongo unapokea fujo. Sasa nani atawaambia hao wataalamu kila seli inapiga vipi na kwa lugha gani kama sio mtu aliyekaa na aina moja akaijua mpaka mwisho? We unaiona ndogo kwa sababu uko nayo kila siku. Mi nimeisoma kwa mara ya kwanza na sioni udogo wowote hapo, kwahiyo usije ukaongeza aina nyingine tatu ili tu tasnifu ionekane nene, mwambie msimamizi wako hivyohivyo.

Kitu kimoja kimenishinda. Kwenye grafu ya mwisho seli inaanza kupiga kabla taa haijawashwa, kidogokidogo hivi. Hiyo ndo kawaida yake hata gizani au kuna mwanga ulipenya kwenye chumba? Kama ni kawaida, ubongo unajuaje hii ni habari na hii ni kupiga kwa mazoea tu? Nijibu ukipata nafasi, hata kwa voisi.

Mama yako