Usikimbilie kumkata ulimi

Chikongola, Mtwara
Jumapili, 12 Oktoba

Somo yangu Zuhura,

Juzi simu ilikatika ukiwa katikati ya maneno, na mimi vocha ilikuwa imeniishia, ndiyo maana nimeona niandike. Dereva wa basi ni mtoto wa jirani, atakushushia barua hii Mbagala Rangi Tatu pamoja na mfuko wa korosho. Sisi hatujambo. Huku ni msimu, mwenye shamba yuko chini ya mikorosho anaokota, mjini tumebaki wagonjwa na wauguzaji.

Nilichokipata kabla simu haijakatika ni hiki: Idrisa ametimiza miaka mitatu, ana miezi minne hivi anarudiarudia, "ma-ma-ma-maji", na mama mkwe wako anasema ana udata, ulimi umefungwa. Na keshapata mtu wa kumkata hapo hapo mtaani, tena akishamaliza ulimi atamtoa na kimio, bei moja. Somo, nakuomba, huyo mtu mwambieni asubiri. Mimi si daktari na sijawa daktari. Ila mwaka huu nimelala na kuamka na mambo ya usemi kwa ajili ya baba, na nimeona jinsi ulimi unavyosingiziwa.

Baba alianguka mwezi wa pili, akitoka kuswali alfajiri. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, na maneno yakaondoka yote isipokuwa moja: "basi". Hebu fikiria, neno lenyewe ni hilo. Unampa uji, anasema "basi", unaondoa bakuli, kumbe anataka uongezwe. Wageni wakija, "basi". Akikasirika, "basi!" na mkono wa kushoto unapiga kitanda. Majirani wakasema ulimi umekuwa mzito, mmoja akaleta mafuta ya kumpaka. Nami nikapaka, nisikufiche.

Tulipompeleka Dar kwa dada ndipo tukaonana na mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Nilikuwa sijui kama kazi hiyo ipo. Mtaalamu mwenyewe dada mdogo tu, umri wa wanangu. Cha kwanza alimwambia baba atoe ulimi, aupeleke kulia, kushoto, ajaze mashavu upepo. Ulimi ukaenda kila ulikotumwa. Halafu akaanza kuhesabu, "Moja, mbili…", na baba akadakia mpaka kumi bila kukwama! Yule dada akanyanyua vidole vitatu, akamuuliza, "Hivi vingapi, Mzee?" Baba akatoka jasho. "Basi." Akamwanzishia Alhamdu, akaisoma yote mpaka Amina. Nililia, somo, nikadhani kapona. Dakika moja baadaye akataka maji akashindwa kuyataja.

Yule dada akanieleza kwamba maneno tuliyoyakariri tangu utotoni, dua, nyimbo, kuhesabu, hayapiti njia moja na neno unalolitafuta papo hapo ili uombe kitu. Kiharusi kilikuwa kimeharibu hiyo njia ya pili, ambayo kwa watu wengi iko upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo huo ndio unaoendesha mkono wa kulia. Ugonjwa wanauita afasia. Akanisimulia mgonjwa mmoja wa Paris, Leborgne, aliyekaa hospitali zaidi ya miaka 20 akijibu kila kitu kwa "tan", hata watu wakamwita Tan. Alipofariki mwaka 1861, daktari Paul Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta umeharibika mbele, upande wa kushoto. Mtu kasemeshwa miaka yote hiyo, na kasoro ilikuwa mbali kabisa na kinywa chake. Nilimwangalia baba nikayakumbuka yale mafuta.

Lakini kilichonishtua zaidi ni kwamba hawa watu wa usemi wanashughulika pia na kumeza. Hospitali moja, sitaitaja, muuguzi alikuwa ananisisitiza nimpe baba maji mengi. Kila akinywa anakohoa, sauti inakuwa kama ina maji ndani. Mimi najua maji ndiyo mepesi, nani anashindwa kumeza maji? Kumbe kwa mtu wa hali ile maji ndiyo mabaya kuliko uji. Yanakimbia, yanafika kooni kabla koo halijajifunga, yanaingia kwenye njia ya hewa, na baada ya siku chache unaambiwa nimonia. Baba ilimpata. Kipindi kile sikuandika wala kupiga, ndipo nilipokuwa.

Basi uji nao una kipimo chake, utacheka. Unachukua bomba la sindano la mililita 10, bila sindano, unaziba tundu kwa kidole, unajaza uji mpaka mstari wa 10. Unaachia kidole, unahesabu sekunde 10, unaziba tena. Kilichobaki ndicho kinachokwambia uzito wake. Ukibaki chini ya mililita 1, huo ni sawa na maji. Baba aliandikiwa unaobaki kati ya 4 na 8. Kipimo hicho kimekubaliwa na wataalamu wa nchi nyingi, na wamekifanya kiwe rahisi hivyo ili hata jikoni kiwezekane. Na jikoni kwangu kiliwezekana kweli, ila siku za mwanzo wanangu walikuwa wanakuja kunichungulia na majirani zao, "mama anauchoma uji sindano". Nilijaribu wa muhogo, wa ulezi, wa mahindi. Wa muhogo unavutika, sikuupenda. Wa ulezi ulinikubalia, lakini ukipoa unakaza, kwa hiyo upime ukiwa katika moto ule ule atakaounywea. Na kijiko kilichotoka kinywani usikirudishe kwenye kikombe, mate yanauyeyusha uji. Hilo nililiona kwa macho: nusu kikombe cha mwisho kilikuwa maji matupu, na ndiyo kila siku baba alikuwa anapaliwa mwishoni. Anakaa wima, kijiko kidogo, hakuna kumwongelesha, na akimaliza halazwi kwa nusu saa. Tangu hapo kifua kimetulia.

Kwenye maneno hatukwenda mbio. Yule dada alikuwa na picha za kumwonyesha ataje, na nyingine baba alikuwa anazitazama kama ananiuliza mimi. Si ajabu. Kuna kipimo mashuhuri cha Boston chenye picha 60, na mojawapo ni nyumba ya barafu. Mzee wa Newala ataijulia wapi nyumba ya barafu hata angekuwa mzima? Akishindwa, utasema ubongo au utasema picha? Yule dada mwenyewe alikuwa analalamika. Akaniambia nikirudi nyumbani nichore za kwetu. Nimechora jembe, mbuzi ya kukunia nazi, ming'oko, korosho na bibo lake, kivuko cha Msangamkuu. Kivuko kimetoka kama sanduku la maiti, lakini baba anakijua. Neno lake la kwanza la kulitafuta mwenyewe lilikuwa korosho, tena alilisema kwa Kimakonde. Kiswahili kilikuja wiki mbili nyuma yake. Nikampigia yule dada, akasema jambo hilo limewashughulisha watu tangu karne ya 19: Mfaransa Ribot alisema lugha ya utotoni ndiyo inayorudi mapema, na mwenzake Pitres mwaka 1895 akasema hapana, hurudi ile uliyokuwa ukiitumia zaidi. Kwa baba siwezi kuamua mshindi, shambani alikuwa anasema Kimakonde na msikitini Kiswahili.

Usidhani ni miujiza. Kuna watafiti walikusanya majaribio 57 ya tiba hii kwa watu wa kiharusi, wagonjwa 3,002 kwa jumla, yakatolewa mwaka 2016. Wakaona tiba inasaidia watu kuwasiliana, na huenda ya mara nyingi na ya muda mrefu inasaidia zaidi, lakini wale waliopewa nyingi ndio waliokuwa wakiacha kwa wingi. Nilivyosikia hivyo nikamcheka baba, maana kuna wiki nzima alikuwa akiona daftari la picha anageukia ukutani. Nikapunguza, robo saa asubuhi, robo saa baada ya alasiri.

Sasa Idrisa. Uliniambia mwenyewe kwamba anaimba nyimbo zake zote bila kukwama, na akiwa peke yake na magari yake anaongea sawasawa. Ulimi uliofungwa haufunguki wakati wa kuimba ukajifunga wakati wa kuomba maji. Mpake sukari mdomo wa juu, uone kama hataifikia. Hicho ni kigugumizi, na umri wake ndio wenyewe: kwa wengi huanza kati ya miaka miwili na mitano. Katika watoto 100, kama watano hupitia, na wengi wao hutoka humo. Wavulana ndio wanaobaki nacho zaidi, na hutembea katika ukoo. Shemeji Hamisi je? Bi mkubwa amesahau? Mwanawe huyo alikatwa ulimi akiwa mdogo, wewe ndiye uliyenisimulia siku ya harusi yako, na mpaka leo akiitwa kuzungumza ukumbini anatafuta mlango. Muulize mama mkwe kwa adabu, yule ulimi wake ulikatwa ukaota tena?

Wala si wazee wetu tu. Mwaka 1841 huko Berlin daktari mkubwa wa upasuaji, Dieffenbach, alikuwa anakata kipande cha ulimi wa watu wenye kigugumizi, na zama hizo dawa ya usingizi ilikuwa haijaanza kutumika. Waliacha baadaye. Sisi tunaanzia pale walipoachia.

Jambo jingine, mwambie na baba Idrisa: asimwambie mtoto "sema vizuri", "rudia", "vuta pumzi kwanza". Mwaka 1939 kule Iowa, Marekani, watafiti walichukua watoto yatima 22. Baadhi yao walikuwa wanasema vizuri tu, wakaambiwa wanaanza kigugumizi, wajichunge. Kigugumizi chenyewe hakikuwaingia kama watafiti walivyodhani, lakini watoto wakanyong'onyea, wakaanza kuogopa kufungua kinywa. Chuo Kikuu cha Iowa kikaomba radhi mwaka 2001, watoto wale wakiwa wazee. Hiyo habari ilinikaa rohoni kuliko zote alizonipa yule dada.

Kuna njia ilianzia Sydney, Australia, inaitwa Lidcombe, ambapo mzazi ndiye anayefanya kazi. Kila siku dakika kumi, kumi na tano za mchezo, na mtoto akisema sentensi bila kukwama unamsifu kidogo, "hiyo imeteleza!", bila makelele. New Zealand waliijaribu kwa watoto 54, 29 wakapewa, 25 wakasubiri, na matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha waliopewa wamepungukiwa kigugumizi kuwapita wenzao kwa mbali. Lakini usiianze kwa barua yangu. Mtaalamu anamfundisha mzazi wiki kwa wiki, na kusifia kukizidi kunakuwa kumwandama.

Na wewe uko Dar, si kama mimi. Wataalamu hawa nchini ni wachache mno, huku kwetu kumpata mmoja ni hadithi ya safari ya basi. Makerere walianza kuwafundisha mwaka 2008, na siku hizi chuo cha Muhimbili nacho kina shahada ya usikivu na tiba ya usemi. Nenda ukaulize Muhimbili, waambie wampime na masikio wakati mko hapo. Mtaalamu atakuuliza maneno anayoyajua mtoto, jibu kama mama, usione haya. Kule Kilifi watafiti walitengeneza orodha za maneno ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama kwa kukaa na kina mama, wengine hawajui kusoma, na kuwauliza ana kwa ana. Hakuna anayemjua mtoto kuliko wewe unayemwosha. Ukiona anakaza uso, anapepesa macho, au anaanza kunyamaza mbele ya wageni, usingoje hata wiki. Asipofanya hayo, miezi minne si mingi, lakini bado nenda.

Kimio ndiyo kabisa, hakihusiki hata na chembe. Kile kinatoka damu, na wembe wa mtu yule hujui umepita wapi.

Korosho ziko kwenye mfuko wa bluu, kilo mbili. Utaona chache zimeungua, usininunie. Nilikuwa nazikaanga, nikasikia baba anaita chumbani, "Mwanahawa! Mwanahawa!", nikaendelea tu kugeuza, nikidhani anaota marehemu mama. Kumbe ananiita mimi. Nilipofika alikuwa ameshikilia kikombe kitupu, ananitazama kwa hasira kabisa.

Msalimie baba Idrisa, na bi mkubwa pia.

Somo yako,
Zuhura wa Chikongola